Umeme kwa miguu iliyokufa ganzi baada ya dawa za saratani

Na Daktari Wetu

Mgonjwa wa saratani anapopewa dawa za mwisho na kuruhusiwa kwenda nyumbani, jamaa zake humshukuru Mungu na kudhani kwamba taabu imekwisha. Nywele huanza kuota tena. Hamu ya chakula hurudi, na nguo zilizokuwa zikimpwaya huanza kumtosha. Hata hivyo, wapo wagonjwa wengi ambao wakati uo huo hulalamikia jambo jingine: nyayo zinawaka kana kwamba wamekanyaga makaa, vidole vya miguu vimekufa ganzi, na vidole vya mikono haviwezi kutofautisha sarafu ya shilingi kumi na ya ishirini. Mama anashindwa kufunga vifungo vya sare ya mtoto. Baba anafika nyumbani na ndara moja, hajui nyingine ilimtoka wapi.

Hapo ndipo maneno huanza. Kuna anayedhani kwamba saratani imeteremka miguuni. Kuna anayedhani kwamba amekanyaga kitu alichotegewa na jirani. Na siku hizi, hapa Kitale na kule Bungoma, kuna anayeshauriwa anunue mashine ya umeme ya "kufungua mishipa". Wauzaji huzitangaza ndani ya magari ya abiria na katika vibanda vya sokoni. Wengine hukodi chumba mjini na kuwakaribisha watu waje wakanyage sahani za umeme bure kwa siku za kwanza, kisha bei hufuata. Swali ninaloulizwa na wagonjwa ni lile lile: Daktari, umeme huu unasaidia, au tunaliwa pesa zetu?

Jibu langu ni kwamba umeme wa aina fulani, ukitumiwa na mtu anayeijua kazi yake, waweza kuwapunguzia maumivu baadhi ya wagonjwa. Hauponyi neva iliyoharibika. Baina ya kauli hizo mbili kuna mengi ambayo mgonjwa anapaswa kuyajua kabla ya kutoa hata shilingi moja.

DAWA INAYOUA SARATANI HUGUSA NEVA PIA

Neva, ambazo wengi huziita mishipa ya fahamu, ni kama nyaya zinazobeba habari baina ya ubongo na viungo. Neva ndefu zaidi mwilini hutoka sehemu ya chini ya mgongo hadi ncha za vidole vya mguu, urefu wa takriban mita moja. Seli mama yake hukaa karibu na uti wa mgongo, na chakula chote kinachohitajika kule kidoleni husafirishwa kutoka huko kupitia vijia vidogo mno vilivyo ndani ya uzi wa neva.

Sasa fikiria dawa iitwayo vinkristini. Dawa hii hutolewa katika ua la Madagaska, lile lenye rangi ya waridi au nyeupe ambalo wengi wetu tumelipanda mbele ya nyumba bila kujua sifa zake. Kazi yake ni kuvunja vijia vya namna hiyo hiyo ndani ya seli ya saratani, kwa maana seli haiwezi kugawanyika bila vijia hivyo. Bahati mbaya dawa haichagui, na ikifika kwenye neva huvunja vya huko pia. Paklitakseli, ambayo kwanza ilipatikana katika gamba la mti unaomea magharibi mwa Marekani, haivunji vijia bali huvigandisha, na matokeo ni yale yale: mzigo haufiki kidoleni. Sisplatini na oksaliplatini, zilizotengenezwa kwa madini ya platini, huishambulia seli mama yenyewe. (Na tafadhali, mtu asije akachemsha lile ua la mbele ya nyumba. Ni sumu, na dawa ya hospitali hupimwa kwa miligramu.)

Ndiyo maana ugonjwa huu huanza katika ncha za vidole vya miguu, mahali palipo mbali zaidi na seli mama, ukapanda kama soksi. Baadaye hushika mikono kama glavu. Mguu mmoja peke yake ukifa ganzi, yafaa daktari atafute sababu nyingine.

Dawa hizi si ngeni katika sehemu zetu. Magharibi mwa Kenya na Uganda zimo katika ukanda wa ule uvimbe wa taya wa watoto ambao Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliueleza mwaka wa 1958. Vinkristini ni mojawapo ya dawa zinazoutibu. Sisplatini hutumika katika saratani ya mlango wa kizazi na ya umio, nayo oksaliplatini katika saratani ya utumbo mpana. Paklitakseli hutolewa kwa saratani ya matiti, na tangu utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwa mojawapo, na kuchapishwa mwaka wa 2020, imejulikana kuwa inaishinda mchanganyiko wa bleomisini na vinkristini katika kutibu saratani ya Kaposi iliyokolea kwa watu wenye virusi vya Ukimwi. Kwa hiyo mgonjwa wa Kitale anayesafiri kilomita 70 hivi hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, au yule wa Bungoma anayepitia Webuye na Turbo kufika huko huko, ana uwezekano mkubwa wa kutiwa mojawapo ya dawa hizi mshipani.

Ni wangapi hupatwa na shida hii? Wataalamu waliokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka wa 2014 waliona kwamba mwezi mmoja baada ya kumaliza dawa, watu 68 kati ya kila 100 wana dalili. Baada ya miezi mitatu ni 60. Baada ya miezi sita au zaidi ni 30. Hesabu hiyo ina habari njema na mbaya. Wengi hupata nafuu wenyewe, bila mashine wala mganga, na mtu akiwa amenunua mashine mwezi wa pili, bila shaka ataisifu mashine mwezi wa saba. Lakini theluthi moja hivi hubaki na taabu.

Kuna mambo mawili yanayowashangaza wagonjwa. La kwanza ni kwamba sisplatini na oksaliplatini huweza kuendelea kuumiza neva kwa miezi kadhaa baada ya chupa ya mwisho. Mgonjwa hudhani kwamba hospitali imemwacha akiwa mgonjwa zaidi, kumbe ndiyo tabia ya dawa. La pili ni baridi. Aliyetiwa oksaliplatini hushtuka kama aliyepigwa na umeme anaponawa kwa maji baridi au kunywa soda ya friji, hasa katika siku za kwanza baada ya dawa. Kwetu Kitale, mji ulio karibu na Mlima Elgon na kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, asubuhi za Julai zinatosha kumtesa. Glavu za sufu na maji ya uvuguvugu humsaidia zaidi kuliko dawa yoyote ya dukani.

Aidha, si kila nyayo inayowaka ni kosa la dawa za saratani. Ugonjwa wa kisukari huleta hali kama hiyo. Pombe pia, na hapa siwezi kuwaficha wenzangu wa Bungoma wapendao busaa na chang'aa. Virusi vya Ukimwi vyenyewe huathiri neva, na wako watu ambao bado wana ganzi iliyoachwa na stavudini, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2009 iachwe polepole. Isoniazidi ya kifua kikuu nayo huumiza neva ikitolewa bila vitamini B6. Mgonjwa mmoja aweza kuwa na sababu tatu kwa pamoja, na sukari ikidhibitiwa au pombe ikiachwa, mzigo hupungua.

LANGO LA MAUMIVU

Kutumia umeme kwa maumivu si jambo la jana. Karibu miaka 2,000 iliyopita huko Roma, tabibu aitwaye Scribonius Largus aliwashauri wagonjwa wa jongo wakanyage samaki aina ya taa mwenye umeme, ufukweni, mpaka mguu ufe ganzi. Lakini sababu yenye maana ya kisayansi ilisubiri hadi mwaka wa 1965, pale Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walipotoa nadharia ya lango.

Nadharia hiyo kila mtu ameshaijaribu bila kujua. Ukijikwaa kidole kwenye jiwe, unafanya nini? Mkono wenyewe hukimbilia kusugua. Kusugua hakuondoi jeraha, lakini maumivu hupungua. Melzack na Wall walisema kwamba habari za maumivu husafiri katika nyuzi nyembamba za neva, na habari za mguso husafiri katika nyuzi nene zenye kasi. Zote hukutana katika uti wa mgongo, penye kitu kama lango. Habari za mguso zikijaa langoni, za maumivu hubanwa. Mwaka wa 1967 Wall na mwenzake William Sweet walitangaza kwamba waliwajaribu wagonjwa wachache wenye maumivu ya muda mrefu kwa umeme mdogo, nao wakapata nafuu. Wao wenyewe walikuwa wamejijaribu kwanza, jambo ambalo nawaheshimu kwalo.

Kutokana na kazi hiyo ilitokea mashine ndogo inayotoshea mfukoni, ambayo wataalamu wa fiziotherapia huiita tensi. Huendeshwa kwa betri. Ina nyaya mbili au nne zenye vibandiko vinavyonata kwenye ngozi, na hupitisha mipigo midogo ya umeme, kwa kawaida 80 hadi 100 kwa sekunde. Mgonjwa huhisi kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Hapaswi kuhisi uchungu wala kuona misuli ikirukaruka kwa nguvu. Anayekuambia kwamba umeme ukichoma zaidi ndipo unapoponya zaidi hajui anachouza.

Mashine nyingine ni ile iliyobuniwa na Giuseppe Marineo wa Italia, ambayo kwa jina lililozoeleka ni skrambla, na ambayo serikali ya Marekani iliiruhusu kutumika mwaka wa 2009. Hii ni kubwa na ghali, na mgonjwa huenda kliniki kila siku kwa muda wa siku kumi hivi. Badala ya kulifunga lango, hujaribu kuudanganya ubongo kwa kuupelekea habari za "hakuna maumivu" kupitia neva zile zile.

Je, zinafanya kazi? Mwaka wa 2010 katika jimbo la Virginia, Marekani, wagonjwa 16 wenye neva zilizoumizwa na dawa za saratani walitibiwa kwa skrambla, na maumivu yao yakapungua kwa zaidi ya nusu baada ya siku kumi. Magazeti yalisifu sana. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka wa 2020 Hospitali ya Mayo ilichapisha utafiti wa wagonjwa 50 waliogawanywa kwa kura, wengine wakapewa skrambla na wengine tensi. Waliopata nafuu kubwa kwa skrambla walikuwa takriban mara mbili ya wale wa tensi. Mwaka huo huo Hospitali ya Johns Hopkins ililinganisha skrambla na mashine ya uongo, yaani vibandiko vilibandikwa lakini matibabu yenyewe hayakuwa ya kweli. Tofauti haikuonekana. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba Daktari Thomas Smith, aliyeongoza ule utafiti wa kwanza uliosifiwa, alishiriki pia katika huu uliomwangusha, na hakuuficha. Chama cha Madaktari wa Saratani cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2020, kilisema kwamba ushahidi bado haujatosha kuipendekeza nje ya utafiti.

Tensi nayo ina habari za namna hiyo hiyo. Husaidia wengine, haiwasaidii wengine, na huko Brazili ilipojaribiwa wakati wagonjwa wakiendelea kutiwa dawa, haikuzuia neva kuumia. Kwa maoni yangu, kwa kuwa ni rahisi na madhara yake ni machache, si vibaya mgonjwa mwenye maumivu aijaribu akiongozwa na mtaalamu. Sisemi hivyo kwa mgonjwa mwenye ganzi tupu isiyouma. Lango la maumivu halina la kufanya kwa mtu ambaye haumwi.

Wauzaji hupenda kusema kwamba umeme huotesha neva upya. Maneno hayo wameyaokota mahali fulani. Ni kweli kwamba huko Kanada, Tessa Gordon na wenzake walionyesha mwaka wa 2010 kwamba umeme wa saa moja, mara tu baada ya kupasuliwa kwa ajili ya neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, ulisaidia nyuzi kuota haraka. Hiyo ni neva moja, iliyofunguliwa na mpasuaji, chini ya uangalizi. Si sawa na kukanyaga sahani sokoni. Neva ikiota, huota takriban milimita moja kwa siku. Ukipiga hesabu ya mita moja utaona kwa nini hakuna mashine inayoweza kuahidi miguu mipya kwa wiki mbili.

HATARI ZILIZOPO

Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kilichopachikwa kifuani asikaribie mashine hizi. Mwenye kifafa na mama mjamzito wamwone daktari kwanza. Vibandiko visiwekwe upande wa mbele wa shingo, juu ya kidonda, juu ya mguu uliovimba ghafla ambao huenda una damu iliyoganda, wala juu ya mahali penye uvimbe wa saratani.

Ila kosa ambalo wengi hulifanya ni kubandika pale pale penye ganzi kali. Ngozi isiyohisi haitakuonya ikiungua. Mtaalamu wa fiziotherapia humpima mgonjwa kwanza kwa pamba, na kwa kijiko baridi na kingine cha uvuguvugu, mpaka ajue ganzi inaishia wapi. Kisha hubandika juu ya hapo, pengine juu ya kifundo au kando ya muundi, kwenye ngozi inayohisi. Zile sahani za kukanyagwa hazina nafasi ya kufanya hivyo. Hushika nyayo tu, mahali pale pale palipokufa.

Kwa sababu hiyo mwenye kutaka tensi aanzie idara ya fiziotherapia katika hospitali ya kaunti, iwe ya Kitale au ya Bungoma. Apeleke karatasi inayoonyesha majina ya dawa alizotiwa. Aulize kabla ya kupanga safari kama mashine ipo na kama inafanya kazi, maana hayo mawili si jambo moja.

VISIVYOHITAJI MASHINE

Mwaka wa 2024 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo yaliyonifurahisha kuliko ya mashine zote. Waliwachukua wagonjwa 158 waliokuwa wakitiwa oksaliplatini au dawa za jamii ya vinkristini. Kundi moja lilifanya mazoezi ya usawa wa mwili mara mbili kwa wiki, kila mara kati ya dakika 15 na 30: kusimama kwa mguu mmoja, kusimama juu ya kitu laini, kusogea bila kuyumba. Waliofanya hivyo, 30 kati ya kila 100 ndio walioumia neva. Wasiofanya, 70. Godoro lililokunjwa na ukuta wa kushika vinatosha kuanzia, na mtu wa karibu awepo ili mgonjwa asianguke. Mazoezi haya yaanze pamoja na dawa, si baada ya ganzi kukolea.

Kwa upande wa vidonge, kilichothibitishwa zaidi ni duloxetini. Katika utafiti wa wagonjwa 231 uliochapishwa Marekani mwaka wa 2013, watu 59 kati ya 100 walioinywa walipata nafuu ya maumivu, wakilinganishwa na 38 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Huandikwa na daktari, na mama anayetumia tamoxifeni kwa saratani ya matiti amwambie daktari, kwa sababu duloxetini yaweza kuipunguzia tamoxifeni nguvu. Amitriptilini na gabapentini hutumiwa pia ingawa ushahidi wake kwa maradhi haya ni mdogo. Vitamini za neva zinazouzwa kila duka la dawa zisimezwe ovyo, kwani B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva hizo hizo. Na asetili-L-kanitini, ambayo husifiwa sana, ilijaribiwa kwa wanawake 409 ikawaongezea shida badala ya kuipunguza.

Miguu isiyohisi yahitaji macho yafanye kazi ya ngozi. Kila jioni mgonjwa atazame nyayo zake, au mtoto amtazamie: mwiba, funza, lengelenge. Asiende shambani bila viatu vilivyofunika mguu mzima, na akung'ute kila kiatu kabla ya kukivaa. Kuloweka miguu katika maji moto yenye chumvi ni desturi ya wengi, nayo huunguza. Maji yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine. Kando ya jiko, birika ishikwe kwa kitambaa hata kama mkono unasema si moto. Usiku taa iwe karibu kwa safari ya choo.

Kama bado unatiwa dawa, usimfiche daktari wako wa saratani ganzi inayoongezeka kwa kuogopa kwamba atakatiza matibabu. Anaweza kupunguza kipimo, kuchelewesha wiki moja au kubadilisha dawa, na hayo yote hufanyika vizuri zaidi mapema. Wako wanaochagua kunyamaza, kisha wakaacha kliniki kabisa maumivu yanapowashinda, saratani ikarudi. Mtoto aliyeanza kuburuta mguu au kukosa choo kwa siku kadhaa akiwa kwenye vinkristini apelekwe kabla ya tarehe yake. Naye mtu yeyote wa saratani ambaye miguu yote miwili inalegea ghafla, au mkojo unakataa kutoka, aende hospitalini siku hiyo hiyo. Huenda uti wa mgongo unabanwa, na hapo saa huhesabiwa.

Kwa anayepewa tensi ya kutumia nyumbani: tafuta daftari. Kabla ya kuanza, andika maumivu yako kwa nambari kutoka 0 hadi 10, na andika pia jambo moja unaloshindwa nalo, kama vile kutembea hadi sokoni au kulala usiku kucha. Tumia mashine dakika 30 hadi 60 kama ulivyoelekezwa, kisha andika tena. Angalia ngozi chini ya vibandiko kila mara. Baada ya wiki nne mwonyeshe mtaalamu daftari hilo. Nambari ikiwa imeshuka na lile jambo limewezekana, endelea. Ikiwa haikushuka, rudisha mashine na umwulize daktari kuhusu vidonge.